Kuondoa laptop_mode kwenye Linux pamoja na masalia yake

Kipengele cha laptop_mode kiliwekwa kwenye kerneli (kiini) ya Linux enzi za diski zinazozunguka. Kazi yake ni kuzuia data kwenye memori, kisha kuisukuma diskini kwa mkupuo, ili mota ya diski ilale muda mrefu na betri idumu. SSD, yaani diski isiyo na sehemu inayozunguka, haina mota ya kulaza. Kwenye mashine ya SSD unabaki na hasara peke yake: mashine ikizimika ghafla, kila kilichokuwa kikisubiri kwenye memori kinapotea.

Amri hizi ni za Debian na jamaa zake. Ziendeshe ukiwa root (mtumiaji mkuu).

Hatua ya 1: Tazama hali ilivyo

`cat /proc/sys/vm/laptop_mode`
`lsblk -d -o NAME,ROTA`

ROTA ikiwa 0, diski haizunguki. Ukisoma 0 kwenye laptop_mode usiridhike haraka, kwa sababu laptop-mode-tools, kifurushi kinachoendesha laptop_mode, huweka 0 chaja ikiwa imechomekwa. Chomoa chaja, subiri kidogo, soma tena.

Hatua ya 2: Futa kifurushi

`apt purge laptop-mode-tools`

Tumia purge. Amri ya remove huacha faili za mipangilio ndani ya /etc.

Hatua ya 3: Saka masalia

Hapa ndipo wengi hukwama. Kufuta kifurushi hakurudishi namba zilizokwisha kuandikwa kwenye kerneli, kwa hiyo washa mashine upya kwanza. Kisha:

`sysctl vm.dirty_writeback_centisecs vm.dirty_expire_centisecs`

Ya kwanza ni kila baada ya muda gani kerneli huamka kuandika diskini; ya pili ni umri wa data kabla ya kuandikwa. Thamani za kawaida ni 500 na 3000. Kipimo ni sehemu ya mia ya sekunde, yaani sekunde 5 na sekunde 30. Ukikuta 60000, hiyo ni dakika 10 nzima za kazi zinazoning'inia kwenye memori.

Ukiona 6000 wakati wa betri, anayeandika ni TLP (programu ya kuokoa betri) kupitia MAX_LOST_WORK_SECS_ON_BAT=60; rekebisha ndani ya /etc/tlp.conf. TLP hugusa pia laptop_mode kupitia DISK_IDLE_SECS_ON_BAT.

Namba zikiwa bado kubwa na TLP haipo, kuna faili inayoziandika kila mashine inapowaka:

`grep -rnE 'laptop_mode|dirty_(writeback|expire)_centisecs|commit=' /etc /usr/lib/sysctl.d /usr/lib/udev/rules.d`

Mstari utakaoupata ndani ya /etc, ufute kabisa, isipokuwa wa /etc/fstab: huo usiufute, utaondoa commit=600 tu kama ilivyoelezwa hapa chini. Usiandike thamani nyingine mahali pake. Iachie kerneli ichague. Zaidi ya yote, usiweke dirty_writeback_centisecs=0 ukidhani unazima kitu cha zamani. Sifuri husimamisha uandishi wa mara kwa mara moja kwa moja, na hali inakuwa mbaya kuliko ulivyoikuta. Wapo pia wanaoandika 30 wakikusudia sekunde 30, kumbe wamepata sekunde 0.3.

Bado kuna commit, yaani kila baada ya sekunde ngapi mfumo wa faili huhifadhi mabadiliko diskini. Miongozo mingi ya zamani iliagiza commit=600 kwenye /etc/fstab. Kwenye ext4 (mfumo wa faili wa kawaida wa Linux) kawaida ni sekunde 5, na isipotajwa ndiyo inayotumika:

`findmnt -t ext4 -o TARGET,OPTIONS`

Ukiiona 600, iondoe kwenye fstab, kisha:

`mount -o remount,commit=5 /`

Tatizo hili hujificha kwa miezi kwa sababu programu zinazoita fsync (ombi la kulazimisha data iandikwe diskini papo hapo), kama hifadhidata, haziathiriki. Zinazoumia ni zile zinazoandika na kuondoka.

Hatua ya 4: Diski ya pili inayozunguka

Kama ipo, ilaze kwa hdparm (programu ya kuweka mipangilio ya diski): `-S 120` ni dakika 10, maana kila kizio ni sekunde 5. Wala usifute `-B` kwa kuona neno APM (usimamizi wa nishati). Hiyo ni APM ya diski yenyewe, haihusiani na APM ya BIOS ya miaka ya 1990.

Kwa usimamizi wa nishati uliobaki, chaguo langu kwenye mashine za sasa ni power-profiles-daemon. Usiiweke pamoja na TLP; zitagombana.

Hatua ya 5: Pima ukiwa kwenye betri

Chomoa chaja. Kwenye dirisha moja:

`watch -n1 grep Dirty /proc/meminfo`

Kwenye dirisha la pili:

`dd if=/dev/zero of=/root/jaribio bs=1M count=50`

Dirty (data iliyo kwenye memori ambayo bado haijaandikwa diskini) itapanda kwa takriban 51200 kB, itulie, kisha ishuke yenyewe baada ya sekunde 30 hadi 35. Ikikaa juu kwa dakika kadhaa, rudi hatua ya 3. Ikishuka, futa /root/jaribio.