Kutoa chapa za sanaa kutoka mchoro wa mandhari ya kisurealisti

Mwongozo huu ni wa rangi za mafuta kwenye turubai. Ubora wa chapa, yaani nakala zilizochapwa za mchoro, huamuliwa mbele ya kamera. Kilichopotea hapo, printa hairudishi.

1. Mchoro. Utoe kwenye fremu, upanguse vumbi kwa brashi laini. Kama bado hujapaka vanishi, piga picha kwanza.

2. Picha. Kamera kwenye tripodi, lenzi ya mm 50 au zaidi, ISO 100 (wepesi wa kuhisi mwanga), f/8 (uwazi wa lenzi), faili ya RAW (picha ghafi isiyobanwa na kamera). Bandika kioo kidogo katikati ya mchoro: ukitazama kupitia kamera na kuiona lenzi yake katikati ya kioo, kamera imenyooka. Funga mapazia, kisha weka taa mbili za aina moja, kila upande kwa nyuzi 45.

Mwanga ndio unaoharibu kazi nyingi za aina hii. Mandhari ya kisurealisti, yaani ya kindoto, mara nyingi huwa na anga pana inayobadilika taratibu, samawati juu hadi manjano kwenye upeo. Taa moja ikisogea karibu kidogo, upande mmoja wa anga unapauka, na jicho linadhani ndivyo ilivyochorwa. Kwa hiyo usikague mwanga kwenye mchoro wenyewe. Weka manila nyeupe yenye ukubwa uleule mahali palepale, ipige picha, halafu soma thamani za pembe nne na katikati kwenye programu. Zikipishana zaidi ya 4 kwenye kipimo cha 0 hadi 255, rudisha taa nyuma, upime tena. Taa zikilala sana ubavuni, matuta ya rangi hutupa vivuli vyao, navyo hugombana na vile vivuli virefu vilivyochorwa.

Mng'ao wa mafuta uondoe kwa filamu ya polaraiza (inayochuja mwanga unaoakisiwa) kwenye taa zote mbili na kichujio chake kwenye lenzi. Zungusha kichujio mpaka mng'ao ufe. Njia hii hukoleza rangi, basi piga pia kadi ya rangi (yenye rangi za kipimo) chini ya mwanga huohuo, uitumie kusahihisha rangi.

3. Faili. Hifadhi picha kama TIFF (faili isiyopoteza ubora) ya biti 16. JPEG ya biti 8 ukiirekebisha mwanga, anga hukatika mistari mistari.

4. Ukubwa. Pikseli 6000 × 4000 hutoa cm 50 × 33 kwa dpi 300 (nukta 300 kwa kila inchi). A2 (cm 59.4 × 42) inataka 7016 × 4961: piga picha ya mchoro kwa vipande, uviunganishe.

5. Kuchapa. Nasser Road, mtaa wa wachapaji Kampala, mashine ni nyingi, ila nyingi ni za mabango na kadi. Uliza wino: taka wa pigmenti (wenye chembe za rangi), kwani wa dai (wenye rangi iliyoyeyushwa) hupauka upesi. Karatasi iwe ya pamba isiyo na asidi, gramu 300 hivi kwa mita ya mraba, na profaili (faili inayoiongoza printa kwenye rangi) ya karatasi hiyohiyo. Chapa kwanza ukanda wa cm 10 wenye anga na kivuli cheusi kuliko vyote, uukague mlangoni kwa mwanga wa mchana. Karatasi isiyong'aa hudhoofisha weusi. Mimi bado naipendelea, kwa sababu anga hutulia juu yake. Printa iwe kwenye UPS (betri ya akiba), maana umeme ukikatika katikati, karatasi hiyo imekwisha.

6. Saini. Subiri saa 24, kisha andika kwa penseli chini ya picha: 3/25 (chapa ya tatu kati ya 25), jina, mwaka. Ukishatangaza 25, usichape ya 26. Msimu wa mvua zihifadhi bapa, mbali na ukuta wenye unyevu, kila moja na karatasi isiyo na asidi juu yake.