Utando wa kijani-bluu unaorudi tangini kila mwezi: kuuondoa, na kuuzuia usirudi

Jumapili unasugua vioo, unabadilisha maji, tangi la samaki linang'aa mpaka mgeni anaomba kupiga picha. Jumatano, pale mchanga unapokutana na kioo cha mbele, kumetokea kidoa cha kijani chenye bluu ndani yake. Jumamosi kimeshavaa mchanga wote wa upande huo na kupanda kwenye majani ya Anubias, na ukikigusa kinabanduka kipande kizima kama utando wa maziwa yaliyopoa. Kama ndiyo hali yako, karibu. Mimi nimeishi nao miezi saba kwenye tangi langu hapa Mwanza, na mara tatu za kwanza nilipodhani nimeshinda, nilikuwa nimeupumzisha tu.

Nauita utando kwa makusudi, maana neno mwani linapotosha. Hawa ni bakteria wanaojitengenezea chakula kwa mwanga, sayanobakteria kwa jina la kitaalamu. Ndiyo maana konokono, kamba na wale kambare wadogo wanaosifiwa kwa kula mwani wanaupita kama hawauoni. Usinunue samaki kwa ajili ya kazi hii, utakuwa umeongeza mdomo wa kulisha tu.

Pia uwape heshima yao. Ukoo huu ndio ulioanza kuijaza hewa ya dunia oksijeni, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita. Flamingo wadogo wa Bogoria na Nakuru wanaishi kwa kula ndugu zao, wale wale wanaokaushwa na kuuzwa kwa jina la spirulina. Viumbe wa namna hiyo huwezi kuwamaliza tangini. Wataingia na mmea mpya, na maji, hata na mkono wako. Unachoweza ni kuwanyima nafasi.

Kwanza hakikisha ndio wenyewe. Mwani wa kawaida wa kijani ama ni nyuzi, ama ni vidoa vigumu vinavyotaka wembe. Huu unateleza, unatoka kama shuka, mara nyingi una mapovu ya hewa yaliyonaswa chini yake, na una harufu: udongo uliolowa, kisima cha zamani. Rangi isikudanganye, wakati mwingine huwa karibu na nyeusi au kahawia. Ukibaki na shaka, weka kipande kwenye karatasi nyeupe ya kufutia mikono, kiache kikauke. Mara nyingi huacha duara la bluu, kwa sababu rangi yake ya bluu huyeyuka katika maji.

Kwa nini unarudi

Tangi langu lina urefu wa sentimita 90, upana 35 na kimo 40. Hesabu inatoa lita 126. Toa mchanga, gogo na nafasi ya juu, maji yenyewe ni lita 100 hivi. Nyuma kuna mimea ya Vallisneria, katikati Cryptocoryne, na samaki wadogo aina ya gapi, wengi kuliko nilivyopanga, kama ilivyo kawaida ya gapi.

Kilichonifungua macho ni daftari. Kila utando ulipoanza, niliandika ulipoanzia. Baada ya miezi mitatu orodha ilikuwa fupi ajabu: nyuma ya gogo kona ya kulia, au mstari wa kioo unaotazama dirisha, au popote, siku mbili tatu baada ya umeme kukatika usiku kucha. Haukuwa unazuka ovyo. Ulikuwa na makao.

Nyuma ya gogo maji hayatembei, na takataka zote hutua huko. Kwenye mstari wa kioo, jua la saa kumi jioni linapiga mchanga wenyewe, mahali ambapo hakuna mmea wa kulitumia. Na umeme ukikatika, filta ya boksi lililofungwa inabaki na maji yasiyo na hewa. Bakteria wazuri waliomo wanakufa, na umeme ukirudi uozo wote unatapikwa tangini.

La nne ndilo linalobishaniwa zaidi: naitreti, yaani naitrojeni katika umbo ambalo mimea huila. Tumefundishwa kwamba uchafu wa kijani unaletwa na chakula kingi majini, basi mtu anaacha mbolea, anapunguza samaki, anafurahi kipimo kikisoma 0. Katika tangi la mimea, 0 ni njaa. Mimea inasimama kukua, wakati utando unajipatia mlo kutoka kwenye uozo wa mchangani, na baadhi ya jamaa zake wanaweza hata kuchukua naitrojeni ya hewa iliyoyeyuka majini. Nilipokuwa naogopa mbolea ndipo ulipostawi vizuri kuliko wakati wowote.

Hatua ya 1: Toa kwa mkono, na kwa mpira

Zima filta kwanza ili vipande visisambae. Nyonya utando kwa mpira mwembamba, ule wa kupitisha hewa unafaa, ukitangulia na ncha ya mpira, siyo vidole. Usianzishe mpira kwa kuvuta kwa mdomo. Baadhi ya sayanobakteria hutengeneza sumu, na huna namna ya kujua wako ni wa aina gani. Jaza mpira kwa maji kutoka kwenye jagi, ziba kwa kidole, shusha. Ukiwa na kidonda mkononi vaa glavu. Majani yaliyofunikwa kabisa yakate, usiyaonee huruma. Tupa na badilisha nusu ya maji siku hiyo hiyo, na kama maji ya bomba yana klorini, yatibu kwanza.

Hatua ya 2: Peroksaidi, kwa mabaki tu

Hii siyo lazima. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 inapatikana famasi, lakini soma chupa, maana ya asilimia 6 nayo ipo rafuni. Hiyo tumia nusu. Kwa lita 100 usivuke mililita 25 za ile ya asilimia 3 kwa siku. Filta ikiwa imezimwa, chukua bomba la sindano bila sindano yenyewe, mwaga taratibu juu ya utando, subiri dakika 10, washa filta. Utaona mapovu mengi, na kesho yake mabaki yamepauka. Vallisneria wanaweza kuungua, kwa hiyo usiwaelekezee.

Hatua ya 3: Giza la siku nne

Hapa ndipo wengi wanapodanganyana. Kuzima taa siyo giza. Funika pande zote na juu, kwa blanketi au mifuko myeusi ya taka iliyokunjwa mara mbili. Nilijaribu kanga mbili kwa kuwa blanketi lilikuwa limefuliwa, na mwanga ulipita kama kawaida. Nilipoteza siku nne na mke wangu akapoteza kanga.

Pampu ya hewa iwake usiku na mchana, kwa sababu mimea gizani haitoi oksijeni, inaivuta, na utando unaokufa unaila nyingine. Wenye chupa ya kaboni dayoksaidi ya kulishia mimea, fungeni kabisa. Usilishe. Samaki wazima wenye afya hawadhuriki kwa siku nne bila chakula. Na usichungulie! Saa 96 ni saa 96.

Hatua ya 4: Siku ya kufungua

Utakuta maji yana ukungu na mchanga una makamasi ya kijivu. Usingoje kesho. Nyonya yote, badilisha nusu ya maji, suuza sponji ya filta ndani ya ndoo yenye maji ya tangi, siyo chini ya bomba. Utando uliokufa ukiachwa unaoza na kutoa amonia, na hapo ndipo samaki hufa na giza likalaumiwa.

Hatua ya 5: Lisha mimea

Lenga naitreti ya miligramu 10 hadi 20 kwa lita. Mimi natumia potasiamu naitreti, mfuko wa duka la pembejeo wenye namba 13-0-46. Pima gramu 16, yeyusha katika maji ya nusu lita. Mililita 50 za mchanganyiko huo zinapandisha lita 100 kwa miligramu 10 hivi kwa lita. Baada ya hapo natazama kipimo kila wiki na kuongeza pale tu kilipopungua.

Tafadhali sana: siyo urea, siyo CAN, siyo DAP. Hizo zina amonia au zinageuka kuwa amonia. Mbolea ya mahindi iende kwenye mahindi.

Hatua ya 6: Vunja makao

Sogeza gogo. Geuza mdomo wa filta mpaka majani ya kila kona yatikisike kidogo. Bandika utepe mweusi nje ya kioo, usawa wa mchanga. Taa saa 6 au 7 kwa siku, kwa swichi ya saa, siyo kwa kumbukumbu yako. Na umeme ukikatika kwa saa nyingi, usiruhusu filta ijiwakie yenyewe: ifungue, mwaga maji yake, suuza sponji, ndipo uiwashe. Pampu ndogo ya hewa ya betri imeniokoa zaidi ya dawa yoyote.

Maswali ya wanachama

*Mwanachama, Dar es Salaam:* Mkuu, muuza samaki kaniambia ninunue vidonge vya erithromaisini, siku tano utando unakwisha. Kwa nini umejificha hujaitaja?

Sijajificha, mkuu. Inafanya kazi, kwa kuwa hawa ni bakteria. Ila ni dawa ya binadamu, ya kuandikiwa na daktari, na maji yako yenye dawa yataishia kwenye mtaro, ambako bakteria wengine watajifunza kuizoea. Tena bakteria wa filta yako wanaweza kudhurika. Na kona ya maji yaliyosimama itakuwa pale pale siku ya sita. Mimi siitumii na sikushauri.

*Mwanachama, Mombasa:* Kaka, mimi natumia maji ya kisima, naitreti yangu yasoma 40 na utando ninao tele. Sasa hiyo hatua ya tano yako si itanizamisha?

Itakuzamisha kweli, iruke. Naitreti ikiwepo haimaanishi utando hauji, ni kwamba ikikosekana unakaribishwa. Kwako tafuta uozo. Ingiza kijiti kwenye mchanga: ukitoa mapovu yenye harufu ya yai bovu, umeshapata. Usiuchimbue wote kwa siku moja. Safisha robo kila wiki.

*Mwanachama, Kisumu:* Huu ni ule ule unaofanya ziwa kuwa kijani hapa kwetu? Nilikuwa nachota maji ya ziwa, ni bure.

Ni ukoo mmoja, ndugu yangu. Ndani ya ule wa Ghuba ya Winam mna aina iitwayo Microcystis, ambayo huelea badala ya kutandika mchangani, na inaweza kutengeneza sumu inayoharibu ini. Hata sisi huku Mwanza tunauona ufukweni upepo ukitulia. Maji ya ziwa yaliyo kijani usiyaweke tangini, wala mbwa asiyanywe. Hiyo bure itakugharimu.

*Mwanachama, Muscat:* Assalaam alaykum. Kila nikienda Unguja likizo ya mwezi, nikirudi tangi limevaa joho la kijani. Kijana wa jirani ananilishia samaki na namwambia azime AC kupunguza bili.

Waalaykum salaam. Joto linampenda huyu mdudu, na jirani mwenye huruma anampenda zaidi. Funga chakula kwenye vikaratasi, kimoja kwa siku mbili, kisha ficha kopo. Namaanisha lifiche kweli. Taa ziwake saa 5 kwa siku, kwa swichi ya saa. Kama AC lazima izimwe, ongeza pampu ya hewa, maana maji ya moto hushika oksijeni kidogo.

*Mwanachama, Arusha:* Nina kamba wekundu. Peroksaidi itawaua?

Inaweza, dada. Ruka hatua ya 2 kabisa. Giza wanalivumilia vizuri ilimradi hewa ipo.

*Mwanachama, Tanga:* Mwalimu, nimefanya giza mara tatu kwa blanketi la kweli. Maji natembeza, naitreti 15. Unarudi kona ile ile ya kushoto. Nimechoka, nataka kuvunja tangi nianze upya.

Pole. Usivunje. Kona ile ile ndiyo jibu lenyewe. Kuna nini pale?

*Mwanachama, Tanga:* Hakuna kitu. Mawe tu na kibuyu cha udongo cha mapambo.

Kibuyu kiinue, ukitazame ndani.

*Mwanachama, Tanga:* Nimekiinua. Kimejaa chakula mpaka shingoni. Mwanangu wa miaka minne anasema kibuyu nacho kilikuwa na njaa.