Mchicha kabatini: kulima mboga ndani ya nyumba kwa pauni 39

Hapa Leeds, Uingereza, mwezi wa Desemba, jua linachomoza kwenye saa mbili na dakika ishirini asubuhi, na kufika saa kumi kasorobo limeshazama. Hapo ni siku likiamua kutoka. Mtu aliyezaliwa Muheza, ambako jua linaingia na kutoka saa kumi na mbili kama karani wa serikali, mwaka wa kwanza anadhani ameugua. Mimi kazi yangu ni kutunza wazee, zamu ya usiku, kwa hiyo zilipita hata siku nne tano sijaliona. Mchicha nilikuwa naukuta dukani, shada dogo limelala kama kanga iliyolowa, pauni mbili. Ukiuosha na kuupika unabaki kijiko.

Ndipo nikaanza kulima kwenye kabati la nguo. Wifi yangu wa Tanga nilipompigia simu ya video alicheka mpaka simu ikamdondoka. "Wifi, mchicha kabatini? Na nguo umezipanda wapi?" Sasa huu ni mwaka wa tatu, na wenzangu wa kanisani kila ikifika Oktoba wananiuliza nafanyaje. Nawaandikia mara moja, nipumzike.

Jambo la kwanza ujue pesa yako inakwenda wapi: kwenye mwanga. Wengi wanadhani adui ni baridi. Nyumba za huku zina joto la kutosha mboga kuota. Kinachokosekana ni mwanga. Dirisha la Januari, hata likiangalia kusini, mche unaowekwa pale unarefusha shingo kama twiga anayetafuta jani, kisha unaanguka. Kopo, udongo, mbegu, vyote vinaweza kuwa vya bure au vya bei ya chini. Kwenye mwanga usibane sana, lakini pia usiibiwe.

Nasema usiibiwe kwa sababu ukitafuta taa za kuoteshea mimea utaonyeshwa mataa ya rangi ya zambarau, bei juu, na maneno mengi. Mimea haihitaji chumba kiwe kama disko. Balbu nyeupe za kawaida za LED, zile za nyumbani, zinafanya kazi. Tafuta zenye wati 14 au 15, ambazo kwenye boksi wameandika kwamba ni sawa na balbu ya zamani ya wati 100, na mwanga wake kama lumeni 1,500. Rangi iwe nyeupe ya mchana, yaani ile namba yenye herufi K kwenye boksi iwe kati ya 4,000 na 6,500. Zile za manjano za sebuleni ziache sebuleni.

Hesabu yangu ya mwaka wa kwanza ilikuwa hivi: balbu tatu pauni 12, waya wenye holda tatu na plagi yake pauni 11, taima ya kuchomeka ukutani pauni 5, mfuko wa udongo wa lita 40 pauni 6, trei pauni 3, mbegu pauni 2. Jumla 39. Kabati nililiokota barabarani, jirani alikuwa anahama na ameandika karatasi kwamba anayelitaka achukue. Nilimpa kijana wa ghorofa ya chini sahani ya pilau akanisaidia kulipandisha.

Umeme je? Balbu tatu za wati 14 ni wati 42. Ukiziwasha saa 16 kwa siku zinakula yuniti 0.67 hivi, kwa mwezi yuniti 20. Nilipopiga hesabu hii yuniti moja hapa kwangu ilikuwa peni 27, basi ni pauni 5 na peni 40 kwa mwezi. Haifiki bei ya mashada matatu ya dukani, na wewe utavuna zaidi ya matatu.

Kuliandaa kabati

Toa fito ya hanga uitumie kuning'inizia taa. Ndani nilipaka rangi nyeupe isiyong'aa, nusu kopo lililobaki kwa rafiki. Watu wanapenda kubandika karatasi ya jikoni ya fedha, lakini inakunjamana, inashika unyevu nyuma, na rangi nyeupe inarudisha mwanga vizuri bila usumbufu. Ubao wa nyuma niliutoboa matundu makubwa mawili, moja chini na moja juu, hewa ipite. Kabati likae kwenye ukuta wa ndani, siyo ule unaopakana na nje, maana ule usiku unakuwa baridi kama jiwe la mtoni. Chumba changu kinashuka mpaka nyuzi 17, lakini kabatini, kwa joto la hizo balbu tu, napata 22 mpaka 24.

Sasa umeme na maji. Hapa sitanii. Ekstensheni ifungwe juu, nje ya kabati, isilale chini kwenye trei. Kila waya unaokwenda kwenye plagi uuache ushuke kidogo kwanza ndipo upande, ili tone la maji likiteleza kwenye waya lidondoke pale chini badala ya kuingia kwenye plagi. Zima taa kabla ya kumwagilia. Milango usiifunge kabisa. Balbu za LED zikikosa hewa zinaungua mapema. Na usijaribu kutumia boksi la karatasi kwa sababu eti ni la bure. Nimeona mtu amefanya hivyo, na nilishindwa kula chakula nyumbani kwake.

Taa zining'inie kwa kamba unayoweza kufupisha na kurefusha. Mwaka wa kwanza niliziweka juu kabisa, nusu mita kutoka kwenye makopo, nikashangaa mbona miche imekuwa nyuzi. Mwanga unapungua haraka sana kadiri unavyosogea mbali. Weka sentimita 10 mpaka 15 juu ya majani. Ukitaka kupima, lalisha mgongo wa mkono wako pale majani yalipo kwa dakika nzima: ukiona joto linakukera, pandisha kidogo. Kila mmea ukikua, taa inapanda nayo.

Taima, na kisa cha mwenye nyumba

Mimi nilitaka taa ziwake saa kumi na moja alfajiri zizime saa tatu usiku. Saa 16 kamili. Taima zenyewe zina duara lenye namba 24 na vipini vidogo vya kubonyeza. Kwa usingizi wa zamu, nikabonyeza kuanzia 11 mpaka 3. Kumi na moja, tatu, si ndivyo? Saa za Kizungu hizo! Taa zikawa zinawaka saa tano asubuhi na kuzima saa tisa za usiku. Cha kuchekesha ni kwamba hesabu bado ilikuwa saa 16, mchicha haukulalamika hata kidogo, na mimi usiku niko kazini, sikujua.

Aliyejua ni jirani wa ng'ambo. Anaona dirisha la mtu ambaye hayupo linang'aa saa nane za usiku, kila usiku. Wiki ya tatu mwenye nyumba akabisha hodi, ana adabu zote, anauliza kama anaweza kuangalia bomba. Macho yake hayakuwa kwenye bomba. Nikamfungulia kabati. Alisimama akaangalia makopo ya mtindi yaliyojaa mchicha mwekundu na kotmiri, akainama akanusa, akasema, "Ah." Bangi huku ni kosa la jinai, na nyumba za kupanga zimewahi kuharibiwa na watu wanaoilima kwa siri, kwa hiyo simlaumu. Lakini jifunze kwangu: mwambie mwenye nyumba mapema, mpe na shada la kwanza. Na taima yako iweke kwa saa za Kizungu, 5 mpaka 21.

Mbegu

Anza na mchicha. Unasamehe, unaota haraka, na utakutia moyo. Usibebe mbegu kutoka nyumbani kwenye begi. Mbegu za kupanda zinazoingia Uingereza zinadaiwa cheti cha afya ya mimea, na uwanja wa ndege si mahali pa kuanza kuelezea mchicha. Hapa hapa zipo. Wajamaika wanauita mchicha callaloo, na pakiti zina jina hilo. Kwenye maduka ya Wabangladeshi kuna ule mwekundu, wao wanauita lal shak. Ni mchicha tu, ndugu yangu, hata ladha ni ile ile.

Udongo wa mfukoni wa huku una vipande vya mti. Uchekeche kwa chekeche la zamani, sehemu laini iwe ya juu, makapi yawe chini ya kopo. Makopo ya mtindi ya lita moja yanafaa; toboa matundu matano chini kwa msumari uliopashwa moto. Lowanisha udongo kwanza, nyunyiza mbegu kwa vidole kama chumvi, funika kwa udongo mwembamba usiozidi nusu sentimita. Kwa joto la nyuzi 22 utaona kijani siku ya nne au ya tano. Vikifika majani mawili ya kweli, punguza, acha nafasi ya vidole viwili kati ya mche na mche. Unaovuna hapo tia kwenye mayai.

Zile saa 16 zina kazi nyingine pia. Mchicha ukipata siku fupi unakimbilia kutoa maua, na ukishatoa maua majani yanakuwa magumu na machache. Kabatini siku ni ndefu kuliko hata ya Muheza, kwa hiyo unabaki kwenye majani muda mrefu. Wiki ya tano hivi, ukifika urefu wa shibiri, kata juu ya pingili ya tatu. Utachipua pembeni, utavuna mara tatu au nne kabla haujachoka.

Kotmiri ina mambo yake. Ile mbegu ya duara unayoinunua kwa viungo kwa kweli ni mbili zimekumbatiana. Zisage kidogo kwa chupa zitengane, loweka usiku mmoja. Inachukua mpaka wiki tatu kuota, na wengi wanaimwaga wakidhani imekufa. Haipendi joto, kwa hiyo iweke chini, pembeni, mbali na balbu ya kati.

Maji ndiyo yanayoua

Mimea yangu yote iliyokufa mwaka wa kwanza niliiua kwa mapenzi. Narudi kazini asubuhi namwagilia. Kabla ya kuondoka namwagilia tena. Miche ikawa imesimama leo, kesho imelala chini, shina limenyauka pale linapogusa udongo. Hicho ni kinyausi, na chanzo chake ni ukungu unaopenda udongo uliolowa na hewa iliyosimama. Haukuwa na dawa kwangu. Nilitupa, nikaosha makopo, nikaanza upya.

Siku hizi sipimi kwa siku, napima kwa uzito. Nyanyua kopo. Likiwa jepesi, weka maji kwenye trei, liache linywe kutoka chini nusu saa, kisha mwaga yaliyobaki. Likiwa zito, ondoka. Niliweka pia kifeni kidogo cha mezani, nakiwasha saa chache kwa siku, majani yatikisike kidogo tu. Mashina yanakuwa magumu na ukungu haupati pa kukaa.

Uso wa udongo ukikauka kati ya maji na maji unakomesha pia visubi, vile vijidudu vyeusi vinavyoruka ukigusa kopo. Karatasi za njano zenye gundi zinanasa waliobaki. Vidukari waoshe kwa maji yenye sabuni kidogo ya vyombo, ukisugua chini ya jani. Utitiri ni mgumu zaidi. Unakuja hewa ikikauka sana kwa sababu ya hita, na ukiona utando mwembamba kama wa buibui chini ya majani, mmea huo toa nje ya kabati siku hiyo hiyo.

Baada ya wiki nne chakula kwenye udongo kinapungua, majani ya chini yanageuka manjano. Nunua mbolea ya maji, ile inayouzwa kwa ajili ya minyanya, changanya nusu ya kipimo walichoandika, mara moja kwa wiki.

Pilipili mbuzi, kwa mwenye subira

Mwaka wa pili niliingia tamaa. Nilinunua pilipili mbuzi iliyoiva sokoni, nikatoa mbegu, nikazikausha siku tatu, nikazipanda Januari. Hizi zinataka joto, nyuzi 25 mpaka 30, kwa hiyo kopo nililikalisha juu ya friji mpaka zilipoota, siku ya kumi na tisa. Kisha kabatini, taa karibu, na kuhamishwa mara mbili, mwisho kwenye ndoo ya mayonezi ya lita kumi niliyoomba mgahawani. Balbu tatu hazitoshi miche mingi ya pilipili. Chagua mmoja au miwili, umpe balbu zote.

Maua yakitoka, ndani ya nyumba hakuna nyuki. Gonga tawi taratibu kwa kidole kila siku, chavua ianguke. Mengine yatapukutika, usiogope. Mwishoni mwa Mei, dirisha lilipopata jua la kutosha, niliutoa mche kabatini ukakaa pale, na Julai nilichuma saba. Moja nilimpelekea mwenye nyumba. Nilimwonya aanze na kipande cha ukubwa wa ukucha.