Kuuliza umri, elimu na kaya kwenye utafiti: mwongozo kutoka Lamu

Tuseme unatafiti presha ya damu kwa watu wazima wa mji wa Lamu na wa Faza. Ukurasa wa kwanza wa hojaji, ule wa umri, jinsia, elimu na kazi, wengi huunakili kutoka kwa utafiti wa mwingine. Nakuomba uuandike upya.

Hatua ya 1: Chora majedwali utakayotoa mwishoni. Taarifa isiyo na safu humo, ifute. Presha hupanda kadiri mtu anavyozeeka, kwa hivyo umri unabaki. Kabila je? Kama huwezi kueleza litakusaidia nini, usiliulize. Nimeona nyuso zikikunjwa kwa swali hilo, na mahojiano yakaishia hapo.

Hatua ya 2: Umri. Andika miaka kamili. Mafungu utayapanga baadaye. Kisha usikubali jibu la kwanza.

"Mama, una miaka mingapi?"

"Andika arubaini, mwanangu."

"Mvua za El Nino za 1997 zilikukuta wapi?"

"Nishaolewa, kifungua mimba wangu anatambaa."

Ukimuuliza aliolewa akiwa na umri gani, akajibu kumi na minane, utajua arubaini ilishampita kitambo. Tengeneza kalenda ya matukio: uhuru wa 1963, El Nino, tsunami ya Desemba 2004, na harusi na misiba mikubwa ya mtaa wenyewe. Kitambulisho husaidia, lakini kwa wazee wengi tarehe iliyomo nayo ilikadiriwa. Kila jioni hesabu majibu ya siku: yakirundikana kwenye 40, 45 na 50, huku 41 na 43 hazina mtu, rudi ukawaelekeze wasaidizi wako.

Hatua ya 3: Elimu. Hapa kwetu "chuo" ni mahali pa kusoma Kurani. Ukiuliza "Umefika chuo?" bibi wa miaka sabini ataitikia, nawe utamwandika msomi wa chuo kikuu. Ukiuliza skuli peke yake, utamwandika hana elimu, ilhali anasoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Weka maswali mawili.

Hatua ya 4: Kaya na kipato. Nyumba moja ya ghorofa mtaa wa Mkomani, mjini Lamu, yaweza kuwa na kaya tatu; uliza nani wanakula chungu kimoja. Mvuvi muulize mapato ya msimu wa kaskazi na ya msimu wa kusi kando kando.

Hatua ya 5: Linganisha sampuli, yaani watu uliowahoji, na sensa. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 143,920 kaunti nzima, wanaume wakiwa wengi kuliko wanawake. Ukibisha hodi asubuhi tu utapata kina mama, maana waume wako baharini. Rudi baada ya magharibi.

Hatua ya 6: Uchambuzi. Presha ya Faza ikionekana juu, usikimbilie kulaumu chumvi ya ng'onda, samaki wa kukaushwa kwa chumvi. Huenda uliowapima Faza ni wazee zaidi. Linganisha wa miaka 40 hadi 49 na wenzao wa miaka hiyo hiyo, wanawake kwa wanawake. Tofauti ikibaki, hapo ndipo uzungumzie chumvi.

Hatua ya 7: Faragha. "Mwanamke, zaidi ya miaka 60, mwalimu mstaafu, Kipungani": jina hukuandika, lakini kijiji kizima kimeshamjua, na presha yake pia. Sheria ya Kenya ya kulinda data, ya 2019, inakubana hata hapo. Kabla ya kuchapisha, tafuta visanduku vya majedwali vyenye mtu mmoja au wawili, kisha unganisha vijiji au panua mafungu ya umri.