Bokoboko la sikukuu: ngano loweka usiku wa mwezi, asubuhi upakue tu

Sikukuu ndo hiyo inakuja na najua maswali yatakuwa yale yale, bokoboko langu halivutiki, bokoboko limekuwa uji, bokoboko limeshika chini, na ukimdadisi mtu vizuri unakuta kaanza kulipika alfajiri huku watoto wanataka kuogeshwa na baba mtu anatafuta kofia yake. Bokoboko, yaani ngano na nyama zilizopikwa na kupondwa mpaka zivutike, si gumu jamani, linataka muda tu, na huo muda utoe usiku. Asubuhi watu wakirudi kuswali Idi wakute sahani zishapakuliwa.

Tuanze na ngano. Unataka ngano nzima iliyokobolewa, ile ya punje nyeupe nyeupe, soko la Darajani, Zanzibar, ukisema tu ngano ya bokoboko wanakupimia. Ukipata yenye ganda lake bado, inyunyizie maji kidogo, itwange kwenye kinu pole pole bila kuivunja, ianike, alafu ipepete kwenye ungo makapi yatoke, manake ganda likibaki hata uipike kutwa haitalainika vizuri. Ichague mawe kwanza. Nusu kilo inatosha watu wanane mpaka kumi, na tafadhali usipike kidogo, bokoboko la sikukuu lazima sahani ziende kwa majirani.

Sasa kuloweka, na hapa ndo watu wengi wanababaika kwenye Idi ndogo, kwa sababu mpaka usiku hujui kama kesho sikukuu au mnafunga tena. Mimi nasema siku ya 29 ya Ramadhani ukishafuturu osha ngano yako mpaka maji yatoke safi, loweka, alafu ndo ukae na wenzio usikilize tangazo la mwezi. Ukiandama, ngano iko tayari kuingia jikoni usiku huo huo, ikishalowana masaa matatu manne. Usipoandama mnatimiza 30, basi mwaga yale maji, tia mengine, weka friji, kesho utaikuta laini zaidi. Usiiache nje tu usiku na mchana kwa joto letu hili, itachacha. Idi kubwa haina presha hii, tarehe inajulikana zaidi ya wiki kabla.

Watu wanauliza kwa nini ngano wakati sisi pwani hatulimi ngano. Ndo utamu wa historia yake huo. Hiki chakula Waarabu wanakiita harisi au harisa, na kitabu cha mapishi cha Baghdad cha karne ya 10 kinacho tayari, ngano na nyama vimepikwa mpaka vimekuwa kitu kimoja. Kwetu kinaenda na ule udugu wa Oman na Zanzibar, Seyyid Said alipohamisha makao yake kutoka Muscat karne ya 19 watu walikuja na vyungu vyao pia. Oman mpaka leo kiko kwenye meza za Idi, na mwaka 2023 UNESCO ikakiingiza kwenye orodha ya turathi za utamaduni zisizoshikika kwa maombi ya Oman, Emirati na Saudia. Hyderabad kule India wana haleem, ndugu yake kabisa ila wao wanatia dengu na viungo vingi. Waarmenia nao wana harisa yao. La kwetu ni la upole, viungo vichache, unasikia ngano na samli.

Nyama, kwa nusu kilo ya ngano chukua kuku mmoja mzima, wa kienyeji akipatikana, au kilo moja ya mbuzi au ng'ombe yenye mifupa. Idi kubwa nyama ipo tele, tumia shingo na miguu, zile sehemu ngumu ndo zinatoa nyuzi nzuri. Steki laini achana nayo. Chemsha nyama na maji lita tatu, thomu (kitunguu saumu) na tangawizi ya kutwanga kijiko kikubwa kimoja, vijiti viwili vya mdalasini, iliki sita, pilipili manga kijiko cha chai. Chumvi tia kidogo tu mwanzo, supu itapungua na chumvi itakolea, utamalizia mwisho. Toa povu linalopanda juu. Nyama ikiiva mpaka inaachia mfupa itoe, toa na mdalasini na iliki.

Kwenye supu hiyo tia ngano uliyochuja, moto mdogo, funika. Saa tatu hivi kwa gesi. Wenye mkaa ndo wanafaidi, unaacha makaa kidogo chini na mengine unapalia juu ya mfuniko, linaiva lenyewe mnalala kidogo. Presha kuka inakubali pia, dakika 45 mpaka saa nzima, ila usijaze kupita nusu manake ngano inafura na inatoa povu. Kwa sufuria ya kawaida pitia pitia kila baada ya muda ukoroge mpaka chini, likikauka ongeza maji ya moto, ya baridi usitie, yanakatisha mapishi.

Huku ngano inaiva chambua nyama kwa mikono, na hapa usimwachie mtoto, kuku ana vile vimifupa vyembamba vya mbavu vinajificha kwenye nyama na kwenye bokoboko huwezi kuviona. Chambua, alafu pitisha vidole tena.

Punje ikipondeka ukiibinya kwa vidole viwili, bila kiini kigumu katikati, rudisha nyama ndani na sasa ndo kazi yenyewe. Chukua mwiko mzito wa mti, shikilia sufuria kwa tambara, ponda ukilibana bokoboko kwenye ukuta wa sufuria alafu vuta kuelekea kwako, ponda vuta, likiwa la moto hivyo hivyo kwa sababu likipoa linaganda na halikusikilizi tena. Dakika ishirini na zaidi, mpokezane. Mwanzo utaona ngano huku nyama huku, baadae rangi inakuwa moja, alafu ukinyanyua mwiko linapanda nao kwa nyuzi ndefu zinang'aa. Hapo limeiva. Blenda sikushauri kabisa, inakata zile nyuzi na unabaki na uji wa nyama, ladha ipo lakini si bokoboko. Onja chumvi.

Vitunguu maji vitatu vikubwa kata vyembamba, kaanga kwenye samli vijiko vikubwa vitano, moto wa wastani, vitoe vikiwa rangi ya dhahabu manake vikishatoka vinaendelea kuiva. Samli usimwage, ndo ya kumiminia.

Pakua kwenye sahani pana, sawazisha kwa mgongo wa kijiko ukichovya maji ya moto lisigande, chora kishimo katikati, mimina samli, tawanya vitunguu. Wanaopenda sukari wanyunyizie juu, kwetu wazee lazima sukari na vijana hawataki, kwa hiyo weka kisosi pembeni kila mtu ajihudumie. Za majirani funika kawa zitoke mapema zikiwa na moto, kabla watoto hawajakimbilia viwanja vya sikukuu Mnazi Mmoja na hela zao za sikukuu ukakosa wa kumtuma.

Likibaki lisikae nje zaidi ya saa mbili, tia friji. Sikukuu pili utalikuta limekuwa gumu, usiogope, tia supu au maji ya moto nusu kikombe, moto mdogo, ulipige tena mwiko kidogo litarudi kuvutika.