Namna ya Kuchagua Hedifoni Isiyochosha na Amplifaya Inayoifaa

Anayenunua hedifoni ya kusikilizia nyumbani huanza karibu kila mara kwa kuuliza ipi ina sauti nzuri, na muda si mrefu huuliza amplifaya ipi ina nguvu zaidi. Ninashauri maswali hayo yatanguliwe na lingine: je, utaweza kuivaa kwa saa mbili mfululizo bila kichwa kukuuma? Hedifoni yenye sauti safi lakini inayobana taya huishia juu ya kabati, na amplifaya iliyonunuliwa kwa ajili yake hukaa hapo hapo ikipata vumbi. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na kichwa na masikio, unaendelea na sauti, na hesabu ya nguvu unaiweka mwisho, kwa sababu hesabu hiyo haiwezi kufanyika kabla hedifoni yenyewe haijajulikana.

Tuanze na uzito. Hedifoni nyingi nzuri zinazofunika sikio lote huwa na gramu 250 hadi 300 bila waya. Sennheiser HD 600 ina gramu 260 hivi, na Beyerdynamic DT 770 Pro ina gramu 270 hivi. Zile za aina ya planari, ambazo badala ya koni ndogo hutumia utando bapa ulio katikati ya sumaku, ni nzito zaidi: nyingi hupita gramu 350, na baadhi za kampuni ya Audeze hupita gramu 500. Uzito wa namna hiyo unavumilika iwapo ukanda wa juu ni mpana na umeugawa mzigo vizuri, lakini shingo isiyouzoea itaulalamikia kabla albamu haijafika mwisho.

Hata hivyo gramu si kila kitu, na hapa ndipo ninapomwomba mnunuzi asiwe na haraka. Vaa hedifoni kisha utulie kwa dakika 20, na katika muda huo chunguza sehemu tatu. Ya kwanza ni utosi: ukanda wenye sponji nyembamba hugusa mahali pamoja tu, nawe utahisi joto na maumivu madogo yanayokua pole pole. Ya pili ni kiungo cha taya, chini kidogo ya sikio. Tafuna au piga miayo, na kama pedi inasukuma mfupa huo, itakuchosha kila siku. Ya tatu ni ncha ya sikio kwa ndani, kwa maana vikombe vingi vina upana wa kutosha lakini havina kina, na sikio linalogusa kitambaa kinachofunika spika huanza kuwasha na hatimaye kuuma. Hedifoni mpya ikibana kidogo si kasoro, kwani HD 600 inajulikana kwa kubana ikiwa mpya na kulegea kadiri inavyovaliwa. Waweza kuiharakisha kwa kuivisha rundo la vitabu lenye upana unaozidi kidogo wa kichwa chako usiku kucha.

Anayevaa miwani aijaribu akiwa nayo usoni. Mkono wa miwani huinua pedi na kuacha mwanya, na mwanya huo ndio unaopoteza besi, hasa kwa hedifoni iliyofungwa nyuma ya spika. Pedi laini za mahameli huuzunguka mkono wa miwani vizuri kuliko ngozi bandia ngumu. Vivyo hivyo, mwenye misuko minene au anayejifunga kilemba aende dukani akiwa na mtindo huo huo anaouzoea, kwa sababu ukanda ukikaa juu ya misuko, vikombe hupanda, na hedifoni isiyo na urefu wa kutosha itayaacha masikio nusu nje. Jambo hili halitajwi katika maelezo ya watengenezaji, wala huwezi kulipima kwa picha.

Hali yetu ya hewa nayo ina neno. Katika joto na unyevu wa Kampala, Jinja au Entebbe, ngozi bandia hukutoa jasho baada ya nusu saa, na ikishazoea jasho huanza kumenyeka vipande vidogo vyeusi vinavyoganda shingoni. Mahameli hupitisha hewa na hudumu zaidi, ila huzuia kelele za nje kwa kiasi kidogo na hukusanya vumbi. Chochote utakachochagua, hakikisha kwamba pedi zinavuliwa na kubadilishwa, na kwamba pedi za akiba zinauzwa. Angalia pia waya: ule unaochomoka, kama wa Audio-Technica ATH-M50x, ukikatika unanunua mwingine, ilhali ule ulioshikizwa moja kwa moja, kama wa DT 770 Pro za awali, utahitaji fundi mwenye chuma cha kulehemu na mkono mtulivu.

Dukani, iwe ni kwenye maduka ya vifaa vya elektroniki ya katikati ya Kampala au kwingineko, ni vyema kueleza haja yako mapema na kwa heshima: “Ssebo (bwana), naomba niivae kwa muda kidogo kabla hatujazungumza bei.” Muuzaji mwenye bidhaa halisi mara nyingi hukubali. Anayekataa hata kufungua boksi huenda ana sababu zake, lakini wewe nawe unayo sababu ya kwenda duka la pili, hasa ikizingatiwa kwamba hedifoni za chapa maarufu hughushiwa sana, na nembo iliyochapwa vizuri kwenye kikombe haithibitishi lolote kuhusu kilichomo ndani.

Sasa uamuzi wa pili: iliyo wazi au iliyofungwa. Hedifoni iliyo wazi ina matundu nyuma ya spika, hivyo hewa hupita, masikio hayapati joto sana, na sauti husikika kama imetandazwa chumbani badala ya kujazwa ndani ya fuvu. Kwa starehe ya saa nyingi sijui aina inayoishinda. Lakini inaruhusu kila kitu kuingia na kila kitu kutoka. Anayeishi kwenye muzigo, yaani chumba cha kupanga kilichoungana na vingine, ukuta kwa ukuta na jirani, boda boda zikipita dirishani na mvua ikipiga mabati kuanzia saa kumi, atajikuta anaongeza sauti ili kuishinda kelele, na huo ni mwanzo wa kuyaumiza masikio. Huyo namshauri achukue iliyofungwa bila kusita. Mwenye nyumba tulivu, au anayesikiliza usiku watoto wakiwa wamelala chumba kingine, achukue iliyo wazi. Nikilazimika kutaja moja kwa kila upande, ningetaja DT 770 Pro ya ohm 80 (maana ya ohm inaelezwa hapa chini) kwa iliyofungwa, na HD 600 kwa iliyo wazi. Hii ya pili ilianza kuuzwa mwaka 1997 na vipuri vyake, kuanzia pedi hadi waya, bado vinapatikana.

Hedifoni inayofaa kwa muziki wa kila namna ni ile isiyotia chumvi mahali popote. Watafiti wa kampuni ya Harman, wakiongozwa na Sean Olive, waligundua kwamba wasikilizaji wengi hupendelea mizani ya sauti inayokaribiana, yenye besi iliyoinuliwa kiasi na sauti nyembamba isiyochoma. Huhitaji vipimo vya maabara kuijaribu. Chukua rekodi unazozijua kwa moyo, nyimbo zile ambazo umezisikia mpaka unajua mwimbaji anapovuta pumzi. Amadinda, marimba ya mbao ya Buganda, ni kipimo kizuri sana: wachezaji watatu wanapigia mbao za chombo kimoja, na mapigo yao yanaingiliana kwa kasi, hedifoni nzuri hukuwezesha kufuata mkono mmoja tangu mwanzo hadi mwisho, na mbaya huyachanganya yote yakawa mlio mmoja wa kugongagonga. Katika kadongo kamu, muziki wa gitaa wa Uganda, sikiliza kama maneno ya mwimbaji yanakaa mbele ya gitaa bila kukwaruza, kwa maana wimbo wa namna hiyo ni masimulizi, na ukiyapoteza maneno umeupoteza wimbo. Katika rumba, besi iwe na noti zinazotofautiana, isiwe mngurumo wa aina moja. Mwisho, sikiliza taarifa ya habari: herufi “s” na “sh” zikikuchoma kama sindano, zitakuchoma kila siku. Kasoro ndogo ya desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) mbili au tatu yaweza kurekebishwa kwa programu ya ikwalaiza, yaani ya kupandisha au kushusha besi na sauti nyembamba, kama vile Wavelet kwenye simu za Android au Equalizer APO kwenye kompyuta ya Windows, nazo zinapatikana bila malipo. Kikombe kinachobana hakirekebishwi na programu yoyote.

Hedifoni ikishapatikana, ndipo tuulize kama amplifaya inahitajika, na jibu linatokana na namba mbili zilizoandikwa kwenye boksi. Moja ni ukinzani, unaopimwa kwa ohm. Nyingine ni unyeti, yaani desibeli ngapi hedifoni hutoa ikipewa miliwati 1. Soma kwa makini, kwa sababu baadhi ya watengenezaji huandika unyeti kwa volti 1 badala ya miliwati 1, na namba hizo mbili hazilinganishwi moja kwa moja. Lengo letu ni vilele vya muziki kufika desibeli 110. Hapo husikilizi kwa kiwango hicho. Unaacha tu nafasi ili mapigo ya ghafla ya ngoma yasikwame. Kila desibeli 3 zinazoongezeka huhitaji nguvu mara mbili, na kila desibeli 10 huhitaji nguvu mara kumi.

Tuchukue HD 600, yenye ohm 300 na karibu desibeli 97 kwa miliwati 1. Zinabaki desibeli 13 kufika 110, ambazo ni nguvu mara 20, yaani miliwati 20. Zidisha wati 0.02 kwa ohm 300, tafuta kipeuo cha pili cha jibu, utapata volti 2.45 hivi. DT 770 Pro ya ohm 80, yenye desibeli 96, inahitaji miliwati 25, nazo kwa ohm 80 ni volti 1.4. Ndugu yake ya ohm 32 inatosheka na volti 0.9. Sasa, simu nyingi na adapta ndogo za USB-C hutoa kati ya volti 0.5 na volti 1. Maana yake ni kwamba ya ohm 32 huenda isihitaji amplifaya kabisa, ya ohm 80 itafaidika na kifaa kidogo tu, na HD 600 inastahili amplifaya ya kweli. Lakini usiamini ohm peke yake. Hifiman HE400se ina ohm 25 tu, ila unyeti wake ni desibeli 91, hivyo inataka miliwati 80 na mkondo unaozidi miliampea 50, kiasi ambacho simu nyingi hukishindwa. Amplifaya ya wati 5 haitaifanya hedifoni yoyote kati ya hizi iwe bora kuliko ile inayokidhi hesabu hii. Hela inayobaki iende kwenye hedifoni au pedi za akiba.

Namba ya tatu, ambayo wauzaji hawaitaji, ni ukinzani wa amplifaya yenyewe kwenye tundu la kutolea sauti. Usizidi moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni: kwa ya ohm 32, usizidi ohm 4. Matundu ya redio kubwa za zamani na amplifaya za spika mara nyingi yana ohm 100 au zaidi, na hedifoni ya ohm ndogo ikichomekwa humo hubadilika mizani, mara nyingi besi ikavimba na kulegea.

Kuhusu umeme, Uganda tunatumia volti 240. Baadhi ya amplifaya ndogo za Marekani huja na transfoma ya ukutani ya volti 120, na ukiletewa na ndugu kama zawadi, soma maandishi yaliyo kwenye transfoma kabla ya kuichomeka, kwa kuwa ikikutana na volti 240 itaungua mara moja. Umeme ukikatika, chomoa amplifaya, maana hatari kubwa huja unaporudi ghafla. Mahali unapokatika mara kwa mara, ninapendelea amplifaya ndogo inayotumia USB au betri yake yenyewe, kwani itaendelea kufanya kazi kwa pawabenki, na haitaingiziwa kelele na inveta ya sola ya bei nafuu. Ukisikia mvumo wa chini wakati kompyuta iko kwenye chaja, chomoa chaja. Mvumo ukitoweka, amplifaya haina hatia.

Shirika la Afya Duniani linaruhusu mtu mzima kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4 tu. Ndiyo maana siku ya kwanza uanze hivi: zungusha kitufe cha amplifaya mpaka sifuri, weka swichi ya gain (kiasi ambacho amplifaya hukuza sauti) kwenye kiwango cha chini, pandisha sauti ya simu au kompyuta karibu na mwisho, kisha vaa hedifoni na uzungushe kitufe pole pole mpaka msomaji wa habari asikike kama mtu aliyeketi mbele yako. Kama mwanzoni mwa mzunguko sikio moja linasikia kuliko jingine, ni kawaida kwa vitufe vya bei ya chini; punguza kidogo sauti ya kompyuta, ili kitufe kipande kufika sehemu ambayo pande zote mbili zinalingana.