Ukienda Misri usiishie Giza, siku nzima iweke Saqqara

Mi kazi yangu ni kuendesha wageni, Tarangire, Manyara, Ngorongoro, miaka sasa, kwa hiyo siku nilipopata nafasi ya kwenda Cairo nikajua mimi sidanganyiki. Weee. Niliingizwa mjini na mambo yale yale ambayo kila siku nawakanya wageni wangu. Sasa nayaandika kwa mtu wa Arusha au Moshi anayepanga kwenda. Giza nenda, piga picha na ile piramidi kubwa usije ukaulizwa nyumbani, ila siku yenyewe ya makaburi ya kale ni Saqqara, jangwani kabisa.

Kutoka KIA, uwanja wetu wa ndege wa Kilimanjaro, unaunganisha Addis Ababa alafu Cairo. Viza ianze kabla hujalipia tiketi ya ndege, na ile kadi ya njano ya chanjo iishi ndani ya pasipoti. Miezi mizuri ni Novemba mpaka Februari. Usiende Juni au Julai kisa huku umezoea masweta, kule ndo jua linapikia mayai. Ila asubuhi za Januari kuna upepo wa baridi, jaketi lako la kawaida la Arusha libebe. Na viatu vya kufunika mguu, pita soko la mitumba la Memorial pale Moshi utapata vizuri tu kwa hela ndogo, sandozi zinajaa mchanga mpaka unakasirika.

Saqqara ni kama kilomita 30 kusini mwa Cairo, sema Arusha mjini mpaka Usa River ukaongeza kidogo. Kodi gari la siku nzima, mkubaliane bei mkiwa bado hotelini, maana ukienda na teksi ya kukushusha tu kurudi itakuwa kesi. Alafu angalia saa, wao saa yao nane asubuhi ndo saa mbili yetu, na geti linafunguliwa muda huo. Uwe umeshafika. Mwezi wa Ramadhani geti linafungwa mapema.

Getini soma ubao wa tiketi vizuri kabla hujalipa kwa sababu tiketi ya kuingia haikupeleki kila mahali, kuna makaburi yana tiketi yake, ukisahau kununua unakuja kugundua uko mbele huko na jua limeshapanda. Beba kadi ya benki, madirisha mengi siku hizi hawataki keshi. Keshi ya kwao iwe noti ndogo ndogo tu, kumi na ishirini, ya bakshishi. Ndiyo, wanaita bakshishi kama sisi, na walinzi wa makaburi wanaijua kazi yao: mmoja alinivuta pembeni kwa upole kabisa, akachukua simu yangu akanipiga picha kama kumi na mbili hivi, zote kichwa kimekatwa, mi mfukoni nina noti ya mia mbili peke yake. Ikaenda. Mgeni wangu angefanya hivyo ningemsema siku nzima.

Sasa njia. Mabasi yote yanakimbilia piramidi ya ngazi, ni kama kreta ya Ngorongoro asubuhi simba akionekana. We pita, mwambie dereva akupeleke kwanza Serapeum, kule mwisho. Hayo ni mahandaki waliyokuwa wanazikia ng'ombe dume watakatifu wa mungu Apis, Mfaransa Auguste Mariette aliyagundua mwaka 1851 baada ya kuona kichwa cha sanamu kimechungulia kwenye mchanga. Majeneza ni ya mawe, moja lina uzito wa makumi ya tani, la ng'ombe mmoja! Niliwaza shemeji yangu Mmasai angesemaje.

Karibu na hapo kuna kaburi la Ti, ofisa mkubwa wa enzi hizo, na hapa usikimbie. Ukutani kuna wachungaji wanavusha ng'ombe mtoni, mmoja amebeba ndama mgongoni, ndama amegeuza shingo anamwangalia mama yake nyuma, na mama naye amenyanyua kichwa anamlilia. Nilisimama hapo mpaka mlinzi akadhani nataka picha.

Kisha rudi kwenye kaburi la Mereruka, waziri wa mfalme Teti, vyumba zaidi ya thelathini, utaona viboko, mamba, na fisi amelazwa chali watu wanamshindilia chakula mdomoni. Fisi! Miaka yote porini sijawahi kuona fisi anabembelezwa kula. Jirani yake ni piramidi ya Teti, nje imebaki kama kilima cha kifusi lakini chini kuta zimejaa maandishi na darini wamechonga nyota. Njia ya kushuka ni fupi kwa kimo, unainama mpaka mgongo unalia, begi mwachie dereva, na kama una pumu au unaogopa sehemu finyu baki juu tu, hakuna atakayekucheka.

Piramidi ya ngazi ya mfalme Djoser iweke mwisho mabasi yakishapungua. Ina miaka zaidi ya 4,600, urefu kama mita 60, na anayetajwa kuisanifu ni Imhotep. Wengi wanapiga picha upande wa mbele wanaondoka, we zunguka upande wa kaskazini. Kuna kibanda cha mawe kimeegemea, kina matundu mawili usawa wa macho. Weka jicho hapo, subiri kidogo lizoee giza. Ndani amekaa Djoser, anakuangalia. Hiyo sanamu ni nakala, yenyewe ipo makumbusho pale Cairo, ila mi niliruka nyuma nikamkanyaga mama wa watu mguu.